Faili moja, kompyuta mbili: mkanganyiko wa wingu

Nitumie vipi faili moja kwenye kompyuta mbili, na kwa huduma ipi ya wingu, yaani ya kuweka mafaili mtandaoni? Swali hili hunijia karibu kila wiki, na mara nyingi huja na hasira. Mtu ana kompyuta ya mezani dukani, tuseme Barabara ya Pamba hapa Mwanza, na leptopu nyumbani Buswelu. Mchana anaandika madeni ya wateja dukani, usiku anataka kuendelea pale alipoishia. Alianza na flashi. Flashi ikaokota virusi siku alipokwenda nayo steshenari, mafaili yakageuka kuwa vijialama vya njia ya mkato visivyofunguka. Akaambiwa, "Achana na flashi, weka kwenye wingu." Akaweka. Baada ya siku chache simu inaita: "Kaka, wingu limekula mafaili yangu."

Wingu halijala kitu. Kilichotokea ni kwamba neno moja limebebeshwa kazi tatu, na yeye alitaka moja akapewa nyingine.

Kelele zenyewe zimeongezeka tangu WhatsApp ilipoingia kwenye hesabu. Zamani nakala rudufu ya mazungumzo yako kwenye simu ya Android haikula nafasi ya akaunti yako ya Google. Kuanzia mwisho wa 2023, kwa awamu, ikaanza kuila. Watu ambao hawakuwa na habari na gigabaiti wakaanza kuona simu ikiwaambia hifadhi imejaa, barua pepe haziingii, lipia uongezewe. Hapo kila mjuzi wa kijiweni akawa na ushauri: hamia hii, futa ile, hii inatoa GB nyingi. Ushauri wa GB ndio unaosikika zaidi, na kwa mtu mwenye kompyuta mbili ndio unaosaidia kidogo kuliko yote.

Tuanze na daftari la madeni, maana kila mwenye duka analijua.

Ukilipeleka daftari kwa jirani akutunzie, na kila ukilihitaji unalifuata kwake, hiyo ni hifadhi. Ukiwa na madaftari mawili, moja dukani na moja nyumbani, na kijana anakimbia kutwa kati ya hapa na pale, kila mstari unaouandika huku anauandika kule, huo ni usawazishaji, au kama tunavyosema mitaani, kusinki. Na kila Jumamosi ukilitoa fotokopi daftari zima, ukaiweka kwenye sanduku chini ya kitanda usiiguse, hiyo ni nakala rudufu. Hata daftari likiungua Jumatatu, fotokopi ya Jumamosi iko vilevile.

Google Drive, OneDrive, Dropbox na wenzao hufanya kazi ya kwanza na ya pili. Ya tatu huifanya nusunusu tu. Wanaolia wengi walidhani wamenunua sanduku la chini ya kitanda, kumbe wamemwajiri kijana wa kukimbia.

Na kijana huyu ana sifa moja kubwa: ni mtiifu kupita kiasi. Ukiandika, anaandika. Ukikosea, anakosea pamoja na wewe. Ukifuta, anakimbia kwenda kufuta. Mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba, leptopu yake ilijaa. Akaona folda ya mizigo ya miaka miwili inachukua nafasi bure, akaifuta. Hoja yake ilikuwa nzuri kabisa: "Si vitu vyote viko kwenye wingu?" Vilikuwepo. Dakika chache baadaye havikuwepo kwenye wingu wala kwenye kompyuta ya stoo, ambako binti yake alikuwa katikati ya kumwandikia mteja risiti. Kilichomwokoa ni pipa la taka. Huduma kubwa za namna hii hukihifadhi kilichofutwa kwa muda: Google Drive siku 30, OneDrive ya mtu binafsi siku 30, Dropbox ya bure siku 30. Alinifuata siku zikiwa ishirini na kitu. Angechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza lugha nyingine.

Alichopaswa kufanya kipo kwenye programu hizo zote, ila hakisemwi kwa sauti. Unabofya folda kwa kitufe cha kulia, unachagua iondoke kwenye kompyuta hii na ibaki mtandaoni. Jina linaendelea kuonekana, nafasi inarudi, kule kwingine hakuna kinachoguswa. Kufuta ni jambo jingine kabisa.

Utiifu huo huo ndio unaovunja imani nyingine, kwamba virusi havifiki kwenye wingu. Vile virusi vinavyofunga mafaili kisha vinadai fidia vikiingia kompyuta ya dukani, kijana hajui kama aliyeandika ni wewe au ni mwizi. Anaona mafaili yamebadilika, anayakimbiza nyumbani yakiwa yamefungwa. Baadhi ya huduma hukuruhusu kurudi kwenye toleo la zamani la faili, nayo ni sababu nzuri ya kuzipenda, lakini sanduku la chini ya kitanda linabaki na kazi yake.

Sasa nauli.

Kijana hapandi daladala bure. Nauli yake ni bando, na hapa ndipo huduma zinapotofautiana kwa namna inayogusa mfuko. Chukua faili la Excel lenye MB 40, picha za risiti zimo ndani. Unalihifadhi mara kumi kwa siku. Kama huduma inatuma faili zima kila linapobadilika, umetumia MB 400 kupakia, na leptopu ya nyumbani, ikiwa imewashwa, imetumia MB 400 nyingine kupakua. Karibu GB moja kwa siku, kwa faili moja, kwa sababu uliongeza majina ya wadeni sita.

Dropbox ilijipatia jina mapema kwa kulitatua hili. Inalikata faili vipande vya hadi MB 4, kila kipande inakipa alama yake, mithili ya alama ya kidole. Ukihifadhi upya, inalinganisha alama na kutuma vile vipande vilivyobadilika tu. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Dropbox. Programu ya rsync, iliyotolewa 1996, ilikuwa ikituma tofauti peke yake enzi ambazo wengi wetu tulikuwa hatujaiona kompyuta. OneDrive nayo ilikuja kufanya hivyo. Tahadhari moja: faili lililobanwa, na mafaili ya Excel ya siku hizi yamebanwa kwa ndani, linaweza kubadilika sehemu kubwa kwa mguso mdogo, kwa hiyo akiba ya bando si kubwa kila mara. Picha zitoe nje ya faili, ziweke kwenye folda yake. Utaokoa bando kuliko kubadilisha huduma mara tatu.

Dropbox ina jambo jingine wachache wanalijua: kompyuta mbili zikiwa kwenye Wi-Fi moja, zinaweza kupeana faili moja kwa moja bila kulipakua upya kutoka mtandaoni. Ukirudi na leptopu dukani asubuhi, nusu ya nauli imesamehewa.

Safari ya kwanza ndiyo nzito. Mtu ana folda ya GB 12, anabonyeza, anasubiri, jioni anasema huduma mbovu. Tupige hesabu. Kasi ya mtandao hutajwa kwa megabiti, ukubwa wa faili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. GB 12 ni kama megabiti 96,000. Kama mtandao wako unapakia kwa megabiti 2 kwa sekunde (na kasi ya kupakia kwa kawaida ni ndogo kuliko ile ya kupakua wanayoitangaza), unahitaji sekunde 48,000, yaani saa 13 na dakika 20. Mwenye bando la usiku aianzishe saa za bando hilo, kompyuta isilale, na awe na subira ya mvuvi.

Kuna mtego mdogo hapo. Windows inakuruhusu kuiambia kwamba mtandao huu unapimwa, yaani unalipiwa kwa kila MB. Ukiweka alama hiyo kwenye hotspoti ya simu yako, OneDrive inasimama yenyewe ili isikumalizie bando. Vizuri sana. Ila wapo wanaoiweka wakasahau, wanaandika wiki nzima wakiamini kijana anakimbia, kumbe amekaa kituoni.

Mafaili yanayoonekana lakini hayapo

Hili ndilo linalowachanganya hata waliosoma. Programu za siku hizi zina namna mbili za kufanya kazi. Ya kwanza, faili linakaa kwenye kila kompyuta kikamilifu. Ya pili, linakaa mtandaoni, na kwenye kompyuta yako unaona jina lake tu. Ukilibofya ndipo linapoletwa. Kwenye OneDrive tofauti ni alama: kijiwingu kitupu maana yake jina tu, alama ya vema ya kijani maana yake lipo, duara la kijani lililojaa maana yake umeagiza libaki daima.

Nilijifunza tofauti hiyo juu ya maji. Nilikuwa kwenye meli ya kwenda Nansio, kazi ya kukabidhi kesho yake, nikasema saa kadhaa za ziwani zinatosha kuimaliza. Bandari ikabaki nyuma, mtandao ukafifia, nikafungua folda. Mafaili yote yako pale, yamepangwa kwa tarehe, yanapendeza. Hakuna hata moja lililofunguka. Nilitazama ziwa mpaka Ukerewe.

Kwa mtu wa huku, ambako mtandao una siku zake, folda ya kazi inayoendelea iwekwe kwenye namna ya kwanza, kwenye kompyuta zote mbili. Picha za harusi za 2017 zinaweza kubaki kijiwingu. Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu na intaneti ikadorora nchi nzima, mwenye mafaili kamili kwenye kompyuta aliendelea kufanya kazi. Mwenye majina matupu alikaa akisubiri meli ya mafundi. Hapo ndipo wengine walipogundua kwamba hilo linaloitwa wingu halipo angani. Linapita chini ya bahari na kukaa kwenye majengo yaliyojaa kompyuta. Mojawapo la Google lipo Hamina, Ufini, kwenye kilichokuwa kiwanda cha karatasi, na hupozwa kwa maji ya bahari.

Umeme nao una sehemu yake. Ijumaa jioni umeandika dukani, umeme unakatika kabla kijana hajaondoka. Nyumbani unafungua leptopu, unakuta daftari la mchana, huna habari, unaongeza mistari yako. Jumamosi kompyuta ya dukani inawaka na mistari ya Ijumaa ambayo haikuwahi kusafiri. Sasa kuna madaftari mawili yanayodai kuwa la kweli. Huduma nyingi haziamui ugomvi huo. Zinabakiza yote mawili, moja likibandikwa jina la kompyuta lilikotoka. Watu wakiona mafaili mawili yanayofanana hufuta moja kwa kubahatisha, na madeni ya siku nzima yanasamehewa bila mdeni kujua. Usibahatishe. Fungua yote, linganisha, hamisha mistari, ndipo ufute. Na kabla ya kuzima kompyuta ya dukani, tazama ile alama ndogo pembeni kulia chini: kama bado inazunguka, keti kidogo.

Programu za mahesabu zinazoweka kila kitu kwenye hifadhidata moja iliyo wazi muda wote usiziweke kabisa kwenye folda inayosinki. Hilo ni kama kumwambia kijana anakili ukurasa wakati bado unaandika. Anaondoka na nusu ya neno. Iache programu ikae pake, jioni toa nakala yake, nakala ndiyo uiweke kwenye folda.

Akaunti ni ya nani?

Kuliko GB, kuliko kasi, hili ndilo limewagharimu watu niliowaona. Fundi alikusaidia kufungua akaunti. Simu yako ilikuwa imezima, akaweka namba yake. Au akafungua kwa jina la duka, nywila akaiandika kwenye karatasi ambayo sasa hujui iko wapi. Miaka inapita. Siku kompyuta inaibwa unataka kuingia kwa simu, huduma inasema tumekutumia tarakimu sita. Zimekwenda kwa fundi, ambaye amehamia Geita na namba ameshabadilisha.

Ingia leo kwenye mipangilio ya akaunti, angalia namba na barua pepe ya kurejesha, weka zako. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila peke yake isitoshe kuingia. Ukiingia kwenye kompyuta ya steshenari kuchapisha kitu, toka kwenye akaunti kabla hujalipa. Kufunga dirisha hakutoshi. Leptopu ikiibwa, mafaili hayajapotea, lakini mwizi anayo nakala kama kompyuta haikuwa na nywila, kwa hiyo ingia kwa kifaa kingine, kiondoe kile kilichoibwa, badilisha nywila. Na akaunti ya bure si shamba la urithi: Google ilitangaza 2023 kwamba akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo.

Kama mafaili yako yana taarifa za watu wengine, wagonjwa wa zahanati au wanachama wa SACCOS, akaunti binafsi ya bure si mahali pake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na ina masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Uliza Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla hujaulizwa.

Basi uchague ipi?

Kama kompyuta zote mbili ni za Windows na kazi zako ni Word na Excel, OneDrive imeshaingia humo, na ndipo ningeanzia. Bure unapata GB 5. Zingatia kwamba wakati wa kuiwasha huomba kuzichukua folda za Nyaraka, Picha na vile vilivyo kwenye uso wa kompyuta, na wengi hubonyeza ndiyo bila kusoma. Ukija kuizima, uso wa kompyuta unaweza kuonekana mtupu. Mafaili yamo ndani ya folda ya OneDrive. Yarudishe kwa mkono, usianze kulia.

Kama maisha yako yote yamo kwenye Gmail na simu ya Android, Google Drive inatoa GB 15, ila hizo ni za barua pepe, picha na mafaili kwa pamoja, na sasa WhatsApp pia. GB 15 za mtu mwenye vikundi ishirini vya WhatsApp zinaweza kuwa pungufu kuliko 5 za OneDrive. Yeye aanze kwa kusafisha video za "habari za asubuhi" kabla hajalaumu mtu.

Dropbox hutoa GB 2 tu na vifaa visivyozidi vitatu, simu ikihesabiwa. Zinachekesha ukizitazama hivyo, lakini hati za maandishi na majedwali ya duka la kawaida hazifiki hata GB moja. Kwa mafaili machache yanayobadilika mara nyingi, hasa kama kompyuta moja inatumia Linux badala ya Windows, bado ninaipenda. MEGA hutoa GB 20 na hufunga mafaili kwa namna ambayo hata wenyewe hawawezi kuyasoma. Upande wa pili wa sarafu hiyo ni kwamba ukipoteza nywila na ufunguo wa kurejesha, hakuna wa kumpigia. iCloud, GB 5, waachiwe wenye vifaa vya Apple pande zote mbili.

Na kama kompyuta zote mbili zinalala nyumba moja, huenda huhitaji wingu hata kidogo. Syncthing ni programu ya bure inayozisawazisha kompyuta moja kwa moja, bila seva, yaani kompyuta ya watu wengine ya kuhifadhi, katikati, bila kikomo cha GB zaidi ya diski yako. Sharti lake ni kwamba zote ziwe zimewashwa kwa wakati mmoja, maana kijana hana pa kuacha mzigo njiani. Kwa ofisi ndogo yenye Wi-Fi na bando la kubana, sijui kwa nini haitajwi zaidi.

Kabla ya kuhamisha kitu, jaribu na faili moja la kipuuzi. Liandike dukani, lione nyumbani, lifute nyumbani, kisha lirudishe kutoka kwenye pipa.

Yule wa Barabara ya Pamba tulimaliza naye hivi: folda moja tu inayosinki, jina lake "Duka", picha ziko pembeni kwenye folda yake, mafaili kamili kwenye mashine zote mbili, akaunti kwa namba yake mwenyewe. Flashi nayo hakuitupa. Ameifuta ikawa safi, na kila Jumamosi jioni ananakili folda nzima humo, anaichomoa na kuifungia kwenye droo ya fedha. Steshenari haijaingia tena.